Nilikuwa Nang'oa Magugu

Watu wakija kwangu Kitengela siku hizi huusifu uwanja wa nyuma. Husema watoto wana mahali pa kukimbia, kamba ya nguo inapata upepo, ila mbona umeacha ule mstari wa nyasi ndefu pale getini, si ungefyeka na pale. Huwaambia ule mstari haufyekwi. Wakiuliza kwa nini, huwaongezea chai. Leo nitasema, kwa sababu kisa chake kimeshasimuliwa Kajiado nzima na mtu mwingine, na amekisimulia vibaya.

Uwanja wenyewe haukujichafua. Ulichafuliwa na mume wangu, ambaye ni mtu mwema, mchapakazi, hanywi wala havuti, lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kupita kitu kilichotupwa. Yeye ni fundi wa ujenzi. Kila mjengo aliomaliza alirudi nyumbani na masalio yake. Kulikuwa na mawe yaliyokatwa vibaya huko machimboni, mbao zilizotumika kumwagia zege zikiwa bado na misumari yake, fremu za madirisha, mabati yaliyooza, na mifuko ya saruji iliyoingia maji ikageuka jiwe huku mikunjo ya mfuko ikionekana. Kulikuwa na tangi jeusi la plastiki lililopasuka. Kulikuwa na sofa. Kulikuwa na mifupa ya pikipiki aliyoiendesha kabla hatujaoana, bila injini, bila magurudumu, usukani tu. Nikimwuliza, alikuwa na jibu moja: "Hiyo itatumika."

Basi tukaishi na "itatumika" nyuma ya nyumba. Mvua ikinyesha, ule udongo wetu mweusi ulivimba ukavimeza vitu nusu. Kiangazi kikija, ukapasuka ukavitapika. Katikati ya hayo yote magugu yaliota hadi kiunoni, na mimi nikajifunza kutotazama upande ule nikianika nguo.

Kisha akapata kazi ya barabara huko Turkana. Akaenda, akaniachia uwanja pamoja na watoto watatu: msichana wa gredi ya pili, mvulana aliyekuwa ndio kwanza ameanza nasari, na kitindamimba aliyekuwa ametoka kujifunza kutembea na aliutumia ujuzi wake wote kuelekea kwenye hatari. Mimi nashona katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River. Natoka nyumbani jua halijatoka na kurudi likiwa limeshachoka. Nani angesafisha? Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza.

Mama mkwe wangu anaishi ng'ambo ya mji wa Kajiado, kwenye boma lenye mbuzi, kondoo na ng'ombe wachache waliosazwa na ukame. Mimi ni Mkamba, yeye ni Mmaasai, na wengi walitutabiria vita. Lakini siku niliyoingia kwake kama bibi harusi alinipa kondoo jike, na kwa desturi ya kwao, aliyetoa kondoo na aliyepewa huitana Paker tangu siku hiyo. Si jina lake wala si langu, ni jina la yule kondoo aliyetuunganisha. Basi ikawa Paker huku na Paker kule. Watoto ndio wanamwita Koko, yaani nyanya. Nililipenda lile jina la kondoo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Kilichokuja kuharibu mambo ni msumari. Koko alikuwa amekuja kututembelea. Msichana alimfuata paka nyuma ya nyumba, akakanyaga ubao, msumari ukapenya kiatu ukaingia mguuni. Nilikuwa kazini. Koko ndiye aliyembeba mgongoni hadi kliniki, mwanamke wa umri ule, kwenye jua lile, na kwa hilo nilimshukuru na bado namshukuru. Lakini nilipofika kliniki nikitweta, nilimkuta kwenye benchi na mtoto mapajani, na mbele ya foleni nzima ya wanawake wa mtaa wangu akasema kwa ile sauti yake ya kuitia mbuzi:

"Huyu mwanamke analea watoto kwa takataka. Hata kuku yangu inalala pahali safi kuliko hii watoto."

Foleni ikageuka kunitazama. Wengine waliinamisha nyuso, wengine walicheka, na mmoja wao anayeniuzia mboga kila jioni alitikisa kichwa kama vile alikuwa analijua hilo siku nyingi. Nilisikia aibu hadi masikio yakawaka.

Tulipofika nyumbani akamalizia. Alisema shule zikifungwa atakuja kumchukua msichana akakae naye kabisa, asome huko huko. Kwao si jambo la ajabu. Mtoto wa kwanza anaweza kwenda kwa nyanya yake, akamchotea maji na kumwashia moto, naye nyanya akamlea. Siikatai desturi hiyo. Lakini huanza kwa watu kuombana, haianzi kwa kumtukana mama wa mtoto kwenye foleni.

Nikamjibu, "Huyu mtoto si mbuzi. Hatolewi kwa zizi kwa kuonyeshwa kidole."

Akasimama. Chai ilikuwa mezani, yenye maziwa mengi vile anavyopenda, na hakuigusa. "Wewe," akaniambia. Hakusema Paker, alisema wewe. "Nitakuja." Akajitanda shuka yake, akatoka.

Jioni nikampigia mume wangu, nikamweleza maneno ya mama yake.

"Mathe ameongea tu," akasema. "Si ungenyamaza?"

"Hiyo misumari ni ya nani?"

Akasema, taratibu, "Lakini hizo mbao zitatumika."

Nilikata simu.

Shule zilipofungwa, mume wangu alinipigia mwenyewe, na nilijua kwa jinsi alivyouliza habari za kila mtoto mmoja mmoja kwamba kuna jambo. Koko angekuja Jumamosi. Alikuwa amepanga na binamu yake mwenye gari aina ya Probox.

"Anakuja kufanya nini?"

"Si unajua."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Mimi niko mbali, mama watoto. Nitasema nini nikiwa huku?"

Mwanamume anayebeba mifuko ya saruji begani mchana kutwa, hawezi kumbebea mamake neno moja. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema mtandao unasumbua.

Niliogopa, nisidanganye. Nilimtazama msichana akimsomea mdogo wake kitabu kichwa chini, nikajiuliza nitaishije asubuhi ambayo hakuna kichwa chake cha kusuka. Najua huko angependwa. Angekunywa maziwa, angejifunza mambo ambayo mimi siyajui. Lakini alikuwa wangu, na alikuwa akichukuliwa kama ushahidi kwamba mimi sifai. Nikaogopa mpaka nikachoka kuogopa, kisha hofu ikageuka hasira, maana ndivyo nilivyoumbwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapewa kwa kinyongo. Nikaazima wilbaro na mtaimbo kwa jirani.

Na hili lieleweke: sikuwa nasafisha ili nimpendeze. Nilisafisha ili akija akose la kusema.

Anayesema watoto ni wasaidizi hajawahi kusafisha nao. Nikitoa kitu mlango wa mbele, kilirudi kwa mlango wa nyuma. Fremu ya dirisha niliitupa mara tatu, na mara zote tatu niliikuta imesimamishwa uwanjani, msichana akiuza maandazi ya matope kupitia humo. Kitindamimba nilimfunga mgongoni, lakini kila nilipoinama alilivuta sikio langu la kulia kama kengele. Mwishowe nikalilaza lile tangi lililopasuka, nikalifagia ndani, nikamtia humo na sufuria na mwiko. Alipiga kelele za furaha hadi mchana. Nilisimama nikalitazama lile tangi, nikakasirika upya, kwa sababu kumbe kwa kitu kimoja mume wangu alisema kweli: kilikuwa kimetumika.

Shida kubwa ilikuwa kokoto. Mvulana alikuwa na ng'ombe. Likizo iliyopita kwa Koko aliona jinsi watoto wa huko wanavyochunga mawe, na tangu hapo kila kokoto nyuma ya nyumba ilikuwa na rangi yake, mama yake na tabia yake. Nikizoa na sepetu, yeye alipiga mayowe.

"Mama! Hiyo iko na mimba!"

"Ipi?"

"Hiyo ya chini! Umeiweka ingine juu yake!"

Nikabembeleza, nikatisha, nikashindwa. Tukakubaliana kwamba ng'ombe wote watahamia zizi jipya kando ya ukuta, na kwamba yeye mwenyewe atawahamisha, na mimi sitaharakisha yeyote mwenye mimba. Ilichukua muda ambao sikuwa nao. Lakini niliona anavyowaongelesha, kwa maneno ya Koko, na ile sauti ya Koko ya kuitia mbuzi ikitoka kwenye kifua kidogo namna ile, na sikuweza kumkatiza.

Misumari ndiyo niliyoihofia zaidi. Ilikuwa imezama kwenye udongo kila mahali. Nikaipasua spika moja iliyokufa, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kamba. Msichana akaniomba aivute yeye. Nikakataa. Akaniambia, "Lakini mguu ulikuwa wangu." Nikamvisha gambuti zangu, zikamfika magotini, akaanza kuzunguka uwanja akiikokota ile sumaku polepole, huku na huku. Kila ilipokuja na misumari imening'inia, alichuchumaa, akaitoa mmoja mmoja na kuuliza.

"Mama, huyu ndiye alinidunga?"

"Sijui. Pengine."

"Huyu je?"

Aliitia yote kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Kila ulipozidi kujaa, ndivyo nilivyozidi kufurahi, furaha mbaya. Nilikuwa nimeshaupangia kazi ule mkebe. Koko akifika, kabla hajaketi, ningeuweka mbele yake na kumwambia: haya, hizi ndizo kazi za mwanao, mchukue yeye basi ukamlee upya. Hotuba nzima nilikuwa nayo kichwani. Niliirudia nikikokota sofa, niliirudia nikivunja saruji kwa mtaimbo, na kila mara ilikuwa kali kuliko ilivyokuwa.

Mtu wa vyuma vikuukuu alipita na mkokoteni wake, akachukua mabati na ile pikipiki. Nilidhani hapo tumemaliza vita. Nikaingia kupika. Niliporudi, magunia ya taka niliyokuwa nimeyafunga vizuri yalikuwa wazi, yamemwagwa, na upepo unagawa karatasi kwa majirani. Mvulana alikuwa katikati, mikono ndani ya gunia. Ng'ombe wake mmoja alikuwa amepotea, naye hakuwa mchungaji wa kukubali hasara.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilivua sapatu. Akakimbia, mimi nyuma yake, tukalizunguka lile tangi, kitindamimba akitushangilia ndani. Halafu nikamsikia msichana.

"Shika nyasi! Shika nyasi haraka!"

Mvulana akainama, akang'oa fumba la nyasi, akageuka, akaninyanyulia kwa mikono yote miwili, macho amefunga.

"Hiyo nayo ni nini?" nikauliza.

"Huwezi kumchapa," msichana akasema, akiwa amejiweka katikati yetu na zile gambuti. "Koko alituambia. Mtu akishika nyasi ameomba amani. Hata wazee wakipigana, mmoja akishika nyasi, inaisha. Ukimchapa na ameshika, ni mbaya sana."

"Hiyo ni kwa Koko. Hapa kwangu nyasi ni chakula ya ng'ombe."

Nilisema hivyo, lakini mkono ulikuwa umeshashuka. Nikavaa sapatu yangu. Tukaokota karatasi pamoja, na ng'ombe akapatikana, alikuwa ndani ya soksi. Siku ile yote iliyobaki mvulana alitembea na nyasi mfukoni kama mtu mwenye kitambulisho kipya.

Jumamosi nilikuwa nimebakiza sehemu moja tu, kwenye geti linaloingilia uwanja huo wa nyuma, ambapo magugu yalikuwa yamefanya ukuta pande zote mbili za njia. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelegea, nikaona ni rahisi kuyang'oa kwa mkono kuliko kufyeka. Watoto walikuwa wameoga. Msichana alikuwa na nywele mpya, nilizisuka asubuhi hiyo kwa kukaza kupita kiasi, hata akalalamika. Mkebe wa misumari nilikuwa nimeuweka juu ya nguzo ya geti. Koko alitarajiwa mchana, chakula bado kilikuwa motoni. Nikainama nikang'oa, nikang'oa, nikijisemesha ile hotuba yangu.

Niliona miguu kwanza. Ilikuwa na matope mazito hadi vifundoni, na chini yake raba nyeusi za tairi ninazozijua. Nikainua macho. Alikuwa Koko, kwa miguu, fimbo mkononi, mfuko begani. Probox ilikuwa imekwama kwenye matope kule kona, na binamu alikuwa bado anahangaika nayo. Koko hakusubiri. Kupitia mdomo wa mfuko niliona shuka mpya ya buluu, ndogo, ya saizi ya mtoto.

Damu ilinipanda. Nilisimama kwa urefu wangu wote. Na mimi nikigombana huongea kwa mikono, kila mtu anayenijua anajua, basi kabla neno la kwanza halijatoka nilikuwa nimeshainyanyua yote miwili mbele ya uso wake.

Ilikuwa imejaa nyasi.

Koko alikuwa ameshafungua kinywa, na yeye bila shaka alikuwa na hotuba yake. Akakifunga. Akaitazama mikono yangu, mmoja, kisha wa pili. Mabega yake yakashuka.

"Kumbe," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia kwake. "Basi, Paker. Imetosha."

Paker. Nusura nilie, nasema kweli. Nilikuwa nimelikosa lile neno miezi yote ile bila kujua nimekosa nini. Halafu akili ikanifikia. Alidhani naomba. Alidhani nimemsubiri getini, nimeinama kwenye matope, na nyasi mikono miwili, niombe msamaha kwa kutukanwa.

Watoto walikuwa wamekuja nyuma yangu, vichwa wameinamisha tayari ili awaguse, kama walivyofundishwa. Msichana aliinua chake kidogo.

"Mama," akaninong'oneza. "Usiangushe."

Aliielewa hali kuliko mimi. Nikiziangusha pale, mbele ya mwanamke yule, nimeikataa amani machoni pake, na Probox ikikwamuka itaondoka na mtoto wangu, na nani atanitetea? Nikizishika, basi imeandikwa kwamba mwenye makosa ni mimi. Nikasimama vile vile kama mtu aliyeamriwa na wezi mikono juu. Kulikuwa na mbigili kwenye kiganja cha kushoto na zilianza kunichoma.

"Paker," nikasema, "mimi sikuwa naomba. Nilikuwa nang'oa magugu."

"Niko na macho. Naona umeng'oa."

"Basi ujue."

"Lakini umenyanyua."

"Mimi hunyanyua mikono nikiongea!"

Akaichomeka fimbo yake matopeni. "Sawa," akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Angusha, basi."

Binamu alikuwa amefika, suruali imekunjwa, akasimama nyuma yake. Msichana alinishika nguo.

"Siangushi," nikasema. "Lakini sitashika peke yangu. Nilikuambia neno la mbuzi, hilo ni langu, nalichukua. Na wewe uliniambia neno la takataka mbele ya foleni yote ya Kitengela. Mtoto alidungwa, mimi nilikuwa kazini, na hizo mbao hazikuletwa na mimi. Hukuniuliza. Kama ni amani, Paker, shika na wewe."

Nikamnyooshea mkono wa kulia na nyasi zake.

Sijui kama kwao mama mkwe amewahi kuambiwa hivyo na mke wa mwanawe. Kwa jinsi binamu alivyojiziba mdomo, nadhani hapana. Koko alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu, uwanjani. Alitazama polepole kama anavyotazama mifugo ikirudi. Aliona udongo umefagiliwa. Aliona mawe ya mwanawe yamepangwa mstari mmoja, tangi limelala pembeni, na kando ya ukuta lile zizi la kokoto lenye lango la vijiti, limefungwa vizuri lisije likaingiwa na fisi. Hapo kwenye zizi macho yake yalikaa.

Akapokea nyasi mkononi mwangu. Nilidhani basi. Lakini alianza kuzichambua.

"Hii ni mwiba," akasema, akaitupa. "Hii mbuzi ikikula inaharisha." Akaitupa. "Hii sijui hata ni nini. Ninyi Wakamba mnashika tu kila kitu." Akaufungua na mkono wangu wa kushoto, akaupukusa mbigili kama vile mimi ndiye mtoto, na kutoka kwenye mafumba yangu mawili makubwa akabaki na majani machache tu ya kijani, marefu, laini. Akayagawa. Nusu akanirudishia.

"Hii ndiyo nyasi," akasema, na akashika yake.

Tukasimama hivyo, mimi na yeye, matope hadi vifundoni.

"Na nani alikuambia ung'oe yote?" akauliza.

"Si ni uchafu."

"Nyasi si uchafu, Paker." Akavuta pumzi. Niliona neno linalofuata linamgharimu, na alilisema kwa sauti, binamu akisikia, na jirani yangu wa ng'ambo ya ua akisikia. "Uchafu ni ya kijana yangu."

Msichana alikuwa ameshauteremsha ule mkebe. Akamletea kwa mikono miwili. "Koko, hii ndiyo ilinidunga. Sijui gani, lakini iko hapo ndani."

Ile hotuba yangu yote, iliyonolewa juu ya sofa na saruji, mtoto aliimaliza kwa maneno hayo. Koko akautikisa mkebe, akasikiliza uzito wake. Akasema ataondoka nao. Na aliondoka nao kweli. Mume wangu aliporudi likizo na kupita kwa mamake, aliwekewa chai upande mmoja na mkebe upande mwingine, akaambiwa achague cha kuanza nacho. Tangu hapo hajaniletea hata ubao. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile Koko aligusa vichwa vya watoto mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa msichana akafungua mfuko, akatoa ile shuka ya buluu, akamfunga begani fundo moja.

Roho ilinitoka. Nilizikaza zile nyasi.

"Utavaa ukikuja kunitembelea," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Kama mamako amekubali."

Akaingia, akanywa chai. Akaomba ya pili.

Aliniagiza jambo moja kabla ya kuondoka: nyasi zilizobaki getini zisiguswe. Ndizo zile mnazoniuliza. Likizo zikifika msichana hujitanda shuka yake, huenda Kajiado, hurudi na maneno ya Kimaasai nisiyoyaelewa na chawa wa mbuzi. Shule zikifunguliwa namsuka.

Ila Koko ana kisa chake. Amekisimulia kwenye harusi, amekisimulia kanisani, na binamu huitikia kwa kichwa: jinsi yule mke Mkamba alivyotoka hadi getini, nyasi mikono yote miwili, akaomba amani kwa heshima mpaka mama mkwe akamhurumia. Wanawake nisiowajua hunishika mkono sokoni na kunipongeza kwa adabu yangu. Nakataa. Nimemwambia na yeye pia, uso kwa uso, naye hucheka tu na kuniita Paker. Basi mimi nami naweka yangu hapa. Sikuomba kitu. Nilikuwa nang'oa magugu, na nyasi tulizishika wawili. Mkitaka shahidi, muulizeni msichana. Yuko hapa nyumbani.